Namba ya Nyumba Isiyo na Mtu

Jumatano, Aprili 1996. Mvua imeamka nasi, ikatuachia kidogo asubuhi, ikarudi kabla ya mchana na upepo. Sasa jioni imetulia, lakini mawingu bado yamekaa milimani.

Nimechoka. Si uchovu wa jembe, maana huo unaisha ukilala. Huu ni wa kukaa. Wiki nzima tumekaa kwenye ukumbi mdogo wa hospitali tukipanga mahitaji ya mfumo mmoja wa kumbukumbu za wagonjwa, na kesho ndiyo siku ya kutia sahihi. Ninaandika hapa barazani kwangu Katindiuka, maharage yakijipikia yenyewe jikoni. Mke wangu Deodata na mtoto wetu wa mwisho wako ng'ambo ya mto, shambani, wanaamia ndege wasile mpunga. Hawarudi hapa mpaka mpunga uvunwe.

Nyumba ikiwa hivi nasikia hata panya wakigombana.

Nisiseme uongo, kazi hii ya mfumo niliitamani. Mimi ni karani wa chumba cha kumbukumbu, nimeota mvi mle ndani katikati ya makabati. Nawaona wagonjwa wakija na kadi mkononi kama wacheza karata: moja ya hospitali, moja ya zahanati ya misheni, moja ya kliniki ya watoto, na kila moja ina jina lake na ugonjwa wake. Ukiwauliza ipi ni ya kweli wanakuambia zote. Sasa tumeambiwa mtu awe na namba moja, faili moja, popote atakapotibiwa katika bonde hili, na siku moja yote yaingie kwenye kompyuta. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilifurahi kama niliyepewa likizo.

Mtaalamu ametoka Dar. Ni kijana mstaarabu, anamwamkia kila mtu shikamoo hata wale anaolingana nao. Ana kompyuta ya kubeba, umeme ukikatika anahamia kwenye makaratasi makubwa ya ukutani na kalamu za rangi. Kila tukitaja jambo anauliza, "Hili ni hitaji la lazima au la kutamani?" Ukumbi mzima umeambukizwa. Jana mhudumu alituletea chai ya rangi, daktari mkuu, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, akasema maziwa yamewekwa kwenye mahitaji ya kutamani.

Jumatatu tulikata shauri kuhusu namba ya mgonjwa. Ianze na kijiji, ifuate kitongoji, ifuate nyumba, kisha mtu ndani ya nyumba. Hoja ilikuwa kwamba watu wanabadilisha majina lakini nyumba haihami. Ilisikika vizuri sana. Daktari mkuu alinyoosha mkono, Sista anayeendesha zahanati ya kijiji cha Mbingu alinyoosha mkono, wote tulinyoosha. Mimi pia.

Watu wa bonde hili, mwezi wa Aprili, tumekubaliana kwamba mtu anapatikana nyumbani kwake.

Hakuna aliyecheka. Wahudumu wetu wanaofuatilia wagonjwa wa kifua wanaijua hali hii vizuri. Wanapiga baiskeli kwenye tope, wanafika, wanakuta kufuli. Jirani anawaambia, "Ameenda shamba." Wanarudi ofisini wanaandika "hapatikani", nami nalipeleka faili kwenye kabati la waliopotea. Hawajapotea. Wako kwenye madungu yao, vibanda vya kulindia mpunga bondeni, wanapiga makopo kufukuza ndege. Nimeandika hivyo miaka yote na kalamu haijawahi kunikwama.

Imenikwama leo, na ni kwa sababu ya nyumbani kwangu.

Asubuhi nilipokuwa nikifunga mlango alikuja Mohamedi, mchuuzi wa samaki, anayevuka mto kila siku na baiskeli yake. Alisema, "Shemeji, mama Kasiani ana homa. Amekwenda zahanati ya kule, amepewa dawa. Amesema usihangaike, uendelee na mkutano wako." Akaniachia salamu hiyo na harufu ya samaki, akaenda zake sokoni.

Mtu mwingine angeendelea na mkutano wake. Mimi niliwaza ni dawa gani.

Deodata hapatani na dawa ya salfa, ile ya malaria inayotolewa pale klorokwini inaposhindwa. Alipewa mara moja, Kasiani, mtoto wetu wa kwanza, akiwa bado ananyonya. Mdomo ulivimba, ngozi ikatoka malengelenge, macho hayakufunguka. Daktari wa wakati ule aliniita pembeni akaniambia kwamba mara ya pili huenda asiamke. Akaiandika habari hiyo juu ya kadi yake kwa wino mwekundu na kupiga mistari miwili. Kadi hiyo iko humu ndani, kwenye sanduku la bati, maana vitu vya karatasi vikipelekwa dunguni vinaoza.

Na yeye mwenyewe hasemi. Si kwamba anaficha. Anaamini kilichomdhuru ni kambale aliyekula usiku ule kwa wifi yake. Nimemweleza, daktari amemweleza, anatusikiliza kwa heshima zote kisha anaendelea kumlaani kambale. Tangu hapo hamgusi. Mimi nikaacha kubishana, nikijua kadi ipo. Niliitegemea kadi kuliko mdomo wa mke wangu, hivyo ndivyo kazi hii inavyomfanya mtu.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha redio. Zahanati ya kule ina redio ya upepo, inafunguliwa asubuhi kwa taarifa za dawa. Akapokea nesi, kwa sauti ni binti mdogo, anaitwa Agripina.

"Shikamoo baba, nakupata vizuri. Ova."

"Marahaba mwanangu. Namuulizia mgonjwa anaitwa Deodata, ni mke wangu, mtu wa Katindiuka. Ova."

Alipekua daftari. "Baba, hapa hatuna mtu wa Katindiuka. Wala Deodata. Ova."

Nikamtajia ubin wake. Hakuna. Nikamtajia mama Kasiani. Wapo wawili, mmoja mjamzito na mwingine bibi kizee. Nikasimama pale na kipaza sauti mkononi, mtu ambaye kazi yake yote ni kupata majalada ya watu, nimeshindwa kumpata mke wangu. Opereta alikuwa ananitazama kwa huruma, na huruma ile ilinikera.

Mwishowe nikaacha mambo ya jina. Nikasema ni mrefu, ana mwanya, anacheka kabla hajaongea, na hali kambale.

"Aa, yule mama wa kambale!" Agripina akasema. "Huyo ni Binti Kapungu. Ametuambia kambale anamdhuru, tumemwandikia kwenye kadi. Ova."

Kapungu ni mjomba wake, mwenye shamba. Kule mtu anaitwa kwa mwenye shamba analolima, ndivyo wanavyojuana madungu kwa madungu. Kwa hiyo mke wangu ana jina ambalo mimi sijawahi kulitamka, na kadi mpya safi inayowaonya waganga wasimlishe samaki.

Nikauliza amepewa dawa gani. Klorokwini. Nikashusha pumzi. Akaendelea kwamba kesho asubuhi arudi, homa ikiwa haijashuka watampa salfa. Nikamwambia asithubutu. Nilisema kwa ukali, nikaona aibu, nikarudia kwa upole, kwamba iandikwe kwenye kadi kwa wino mwekundu. Akasema wino mwekundu hawana ila ataandika kwa herufi kubwa, na kwamba kesho yeye anatoka na chanjo za vijijini, atakayekuwepo ni mwenzake, atamwachia maneno. Nikaanza kumtajia dawa zote za jamii ile. Hapo mvua ikashuka na redio ikaanza kukoroma. Mpaka sasa sijui alisikia lipi na lipi hakusikia, na hadi redio ifunguliwe tena kesho huenda Deodata ameshameza.

Nikachukua baiskeli mpaka Kivukoni, bila hata kupita nyumbani kuchukua kadi. Pantoni ilikuwa imefungwa kamba, maji yamejaa na yanakuja na miti mizima. Wenye mitumbwi walikuwa wamekaa kibandani wanaota moto, nikawabembeleza, mmoja akaniambia, "Mzee, kwa upepo huu hata ungekuwa na mgonjwa ndani ya mtumbwi nisingekuvusha. Njoo alfajiri, upepo huwa umelala." Nikageuza baiskeli. Kama ningevuka ningeogopa, na kutovuka pia niliogopa.

Nilirudi mkutanoni nikiwa nimelowa mpaka soksi. Walikuwa kwenye suala la rangi ya majalada. Nikaomba nafasi, nikasema namba ya nyumba haifai, na nikaeleza kwa nini. Sikumtaja Deodata. Nilisema tu kwamba bonde hili lina watu wenye makazi mawili na majina mawili, na mfumo wetu unajua moja.

Kijana wa Dar akanitazama, naye amechoka, macho mekundu. Akauliza swali lake lile lile. Lazima au kutamani?

Nikasema ni la lazima. Nikakaa chini.

Ndipo Sista wa Mbingu akasema taratibu kwamba hata kwao, ukienda leo kwa mama yake mzazi, utamkuta kuku mmoja na kufuli. Daktari mkuu akajishika kipara akasema familia yake nzima iko ng'ambo ya mto tangu Januari. Wakaanza mmoja mmoja, kila mtu na kufuli lake. Tulicheka, kicheko cha watu waliochoka ambao hawana nguvu ya kuona aibu. Mtaalamu peke yake hakucheka. Alifunga kompyuta akasema kwamba kubadilisha namba ni kurudia kurasa zote, na gari lake linaondoka kesho mchana. Nilimwonea huruma kweli. Mambo kama haya hayamo kwenye vitabu alivyosoma, na sisi tulioishi nayo hatukumwambia.

Mwenyekiti akaamua kwamba kesho saa tatu jambo lijadiliwe mara ya mwisho, kisha sahihi. Akaniambia, "Mzee wa Mafaili, uje wewe mwenyewe ulitetee. Usipokuwepo watalisogeza mbele, na unajua ya mbele yanavyokaa huko mbele."

Najua. Kabatini kwangu yamejaa.

Nimekaa hapa nikijaribu kuandika hitaji lenyewe kwa lugha wanayoitaka. Nimefuta mara nyingi. Mwisho limebaki hivi: mgonjwa apewe namba yake mwenyewe isiyofuata nyumba, aulizwe msimu wa mpunga analala wapi na huko anaitwa nani, na onyo la dawa liandikwe pote anapolala. Si Kiswahili cha wataalamu, ila hata mama yangu angelielewa. Nimelipeleka kwa Sista pale wanapofikia wageni wa misheni, nikamwomba alisome kwa niaba yangu. Ndipo nilipomweleza habari za Deodata. Alisema atalisoma kwa sauti kubwa, na kwamba ataniombea mtoni.

Huenda likapita, huenda lisipite. Nimelitamani jambo hili kuliko mtu yeyote katika ukumbi ule, na siku litakapoamuliwa sitakuwepo. Linaniuma, nisijifanye haliniumi. Lakini kuna mwanamke atakayeamka na homa dunguni, atambeba mtoto mgongoni, atakwenda zahanati kumwambia nesi asiyemjua kwamba hapatani na kambale. Nesi atasoma kadi, ataona ni kweli, atampa vidonge na kikombe cha maji. Na yeye atameza, maana ni mtiifu wa dawa kuliko mimi.

Ninachoweza kufanya ni kutangulia: alfajiri niwe Kivukoni, nivuke kabla hajafika zahanati.

Kadi nimeitoa sandukuni. Mistari miwili myekundu bado inasomeka, imepauka kidogo. Nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaufunga tena kwenye mwingine, nimeuweka mfukoni mwa koti. Baiskeli nimeiegemeza mlangoni. Maharage yameungua chini, nimekula ya juu. Nimemwambia jirani anifungulie kuku asubuhi, na ufunguo wa kufuli nimemwachia yeye.

Najiuliza nitamwitaje nikifika. Nikisema Deodata hawatamjua.

Kesho saa tatu wataita majina ukumbini. La kwangu likikosa mtu watatuma mhudumu na baiskeli mpaka hapa Katindiuka, nyumba yenye namba nzuri kabisa, ya kwanza kuandikwa kwenye rasimu. Atakuta kufuli. Atamuuliza jirani, na jirani atamjibu kama tunavyojibu sote msimu huu: ameenda shamba.