Ukingo wa Kaskazini wa Jua

Jumatatu, 18 Oktoba 1971
Theluji ya kwanza. Mzee Iwase, mpishi wetu, kafunga jiko la kituo chetu cha kupima jua na kushuka kijijini mpaka theluji iyeyuke. Kaniachia mchele na figili za chumvi. Mlangoni kageuka: binti, jua halikosi wa kulitazama, wewe je, nani anakutazama? Nikacheka. Alipopotea konani sikucheka tena.

Jumanne, 19 Oktoba
Anga safi! Nimelipima jua mara kumi na moja, ukingo hadi ukingo. Kalamu ya kipima-mwanga inachora kilima kilekile karatasini: katikati mwanga mkali, pembeni hafifu. Na ukingo wa kaskazini bado unaushinda wa kusini kwa mwanga, sehemu tatu kwa elfu. Mwaka wa pili sasa.
Profesa Nagasawa, mkuu wangu, kapiga simu kutoka Kyoto, furaha tele. Ijumaa anapanda treni kwenda Tokyo, kuutangaza ugunduzi mkutanoni. Jina lako litatangulia, Kurita, langu litafuata, kasema!
Nilitamani kumwambia mtu. Nimekula nikisikiliza redio — hali ya hewa ya visiwa nisivyovijua.

Jumatano, 20 Oktoba
Mawingu. Sijatamka neno tangu asubuhi. Nimejaribu: "Habari!" Sauti kama ya mtu mwingine.
Kuna jambo linanikereketa. Hatujawahi kukigeuza kipima-mwanga juu chini. Tofauti ikiwa ya jua, itabaki kaskazini. Ikiwa ya kifaa, itahama nacho. Mwaka jana nilipendekeza. Profesa akasema kuku anataga, wewe wataka kumpasua!

Alhamisi, 21 Oktoba
Nimekigeuza.
Imehama. Nimerudia mara sita. Kusini!
Miaka miwili nimepima kasoro ya kifaa. Nimekaa sakafuni. Simu iko hatua tatu tu. Sikuigusa.

Ijumaa, 22 Oktoba
Nimepiga. Mke wa profesa kapokea: ametoka sasa hivi, mwanangu, na suti mpya — tangu kifungua kinywa ni kukusifu wewe tu!
Nikashindwa kumwambia. Nikaomba kuunganishwa na stesheni ya Kyoto. Treni inaondoka saa nne na nusu. Bwana wa zamu kauliza, nimwambieje huyo profesa? Nikasema: mwambie kwamba Kurita amekosea, asitangaze. Amekosea nini, dada? Jua, nikamjibu. Kacheka — kisha kasikia sicheki. Usikate, kasema.
Saa nne na dakika ishirini na tatu. Naandika, simu sikioni. Jina la profesa linaitwa kwenye kipaza sauti. Nyayo. Mtoto analia, mama anamfokea, mtu anauza chai. Watu! Siku nne sijasikia watu wengi hivi. Ningeweza kusikiliza hivi mchana kutwa.
Mtu anakohoa karibu na simu. Ni yeye —