Neno Ambalo Hukulitafsiri

Baba,

Shikamoo. Mwaka umetimia tangu tukuzike kando ya migomba, na kesho kijiji kitakusanyika hapa nyumbani kukukumbuka. Nimeombwa nitoe neno, kama binti yako na kama mwalimu wa shule uliyofundisha wewe. Nitawasomea barua hii. Nimeona nikuandikie wewe kwanza, usije ukaisikia pamoja na wageni.

Habari za huku ni za uchovu. Ndiva yetu, lile bwawa tunamokingia maji ya mfereji, imejaa tope hadi nusu ya ukingo. Ikifunguliwa asubuhi, maji hufika shamba la tatu yakakata roho. Maharage ya walio chini yamekauka kwa mwaka wa pili sasa. Mara tatu pembe imepigwa alfajiri kuita msaragambo, watu wote watoke na majembe. Mara ya mwisho tulitokea tisa, na wawili kati yetu walikuwa wagonjwa. Wenzetu si wavivu. Wanakataa kwa sababu yako. "Mwalimu alisema bomba linakuja," wananiambia, "na Mwalimu hakuwahi kusema uongo. Tuchimbe tope la nini?" Jirani yetu Mama Senzota hunitania mbele za watu: "Wewe binti, baba yako alituletea bomba, wewe unatuletea jembe!" Wanacheka. Nami hucheka, kisha narudi nyumbani mgongo ukiniuma.

Naikumbuka siku ile. Watu walikuwa wametoka kubomoa nyumba zao kule kwenye miteremko, wakabeba milango vichwani hadi kijiji kipya cha ujamaa. Mtaalamu wa maji, mgeni, alipanda na gari kutoka Same, akasimama juu ya jiwe akasema kwa Kiingereza, nawe ukatafsiri. "Bomba litafika kabla ya vuli," ulisema, na akina mama wakapiga vigelegele. Nilikuwa darasa la saba. Nilijivunia wewe kupita kiasi. Vuli nyingi zimepita tangu hapo, na bado wanalingoja.

Ulipougua ndipo uliponiambia. Mgeni yule aliianza sentensi yake kwa "perhaps". Ukanieleza, kwa sauti kidogo iliyokubakia, kana kwamba tuko darasani: Mwingereza hulitanguliza neno hilo mbele ya jambo asilo na hakika nalo, na pengine hata mbele ya jambo ajualo kuwa halitakuwa, ili asikuumize. Kwetu ni "labda", ulisema, ila labda yetu huinua mabega, na yao huvua kofia. Ulilisikia vizuri. Maana yake uliijua. Ukaliacha. "Niliwatazama na ile milango yao," uliniambia, "nikaona siwezi kuwaongezea labda."

Baba, nimekulaumu. Kisha nimekuonea huruma, kisha nimekulaumu tena. Mwezi uliopita nililiandika neno hilo ubaoni kwa ajili ya darasa la sita, nikalifuta kabla watoto hawajamaliza kunakili.

Nikinyamaza, jina lako litabaki safi na ndiva itakufa. Na ndiva ikifa, watu hawa uliowahurumia watakula nini? Nilimuuliza Mama. Alikuwa akipepeta maharage, wala hakuinua macho. "Soma," alisema. "Baba yako alikwishachoka kuheshimiwa kwa jambo lile."

Basi kesho nitasoma. Nitawaambia kwamba mgeni hakudanganya, na kwamba hakuna siku iliyoahidiwa. Kwamba mtu mmoja aliwapenda akawapunguzia neno, na kwa neno hilo wakaacha kuutazama mfereji wao. Sitawaomba wakusamehe hapo hapo. Wana haki ya kukasirika kwanza. Huenda wengine wakaondoka kabla ya chai, na Mama Senzota akawa wa kwanza. Keshokutwa pembe itapigwa, nami nitatangulia kuingia topeni, hata nikiwa peke yangu.

Nakuahidi hivi: kila nitakaposimama kati ya msemaji na watu, nitalifikisha neno zima, liwe tamu au chungu. Nawe usihangaike tena na siku ile. Pumzika, Baba. Kazi iliyobaki ni ya mikono, na mikono tunayo.

Binti yako.