Namba ya Dada Espérance

Mpofi, Jumanne

Eti "muangalie namba yangu". Kama vile ni yeye aliizaa!

Dada Espérance, mwalimu mupya wa hesabu, njo alituletea hiyo 73939133. Iko tasa, premier: haigawanyike na kitu kingine, ila moja na yenyewe. Mupaka hapo hakuna ajabu. Lakini alifuta tarakimu ya mwisho ku ubao, ikabaki 7393913, na yenyewe tasa. Akafuta ingine. Tasa tena. Akaendelea vile kutoka kuume, mupaka ikabaki 7 peke yake, na hata 7 iko tasa.

Mimi nafundisha hesabu hapa tangu yeye angali mutoto wa masomo ya primaire. Sikujua.

Niliona yote ku dirisha ya darasa yake. Wanafunzi wangu walikuwa wanatoka mumoja mumoja kwenda kuchungulia pale, nami nikatoka na hasira niwarudishe. Mumoja akaniuliza, "Papa Mwalimu, wewe ulikuwa unaijua?"

Nikamujibu, "Zamani sana." Uongo mutupu.

Tangu mangaribi niko nagawanya, natafuta fasi moja tu yenye itavunjika. 7393 kwa 7, kwa 11, kwa 13, kwa 17... Inakataa. Inakataa kabisa!

Kesho watamusifu tena mu chumba cha walimu. Nitavumilia, sina namna. Chenye kinaniuma si makofi ya watoto. Pale ku dirisha, ile 7 ilipobaki peke yake, muntu wa kwanza kupiga makofi alikuwa mimi.