Dawa ya Moyo Iliyoshuka Mashimoni

Bunia, Mudzipela
Tarehe 14, mwezi wa pili 2025

Mpendwa Yaya Bernadette, dada yetu mukubwa,

Yesu asifiwe kule Kisangani. Miguu yako inasemaje, ule uvimbe ulipunguka? Siye huku tunapumua kwa neema. Mahindi ilitoka kidogo, na Falone alizaa mutoto mwanamuke, wote wawili wazima.

Sasa keti chini, Yaya, juu habari ingine inanuka, na ni ya wadogo zako wawili.

Unajua bwana yangu Blanchard, mishipa inayolisha moyo wake damu ilisinyaa. Mwaka jana Dokta Angèle alimuingiza mu étude, ile kazi ya kupima kama dawa mupya inasaidia. Wagonjwa wote wanabaki na dawa zao za kawaida. Kisha, kwa kura, nusu wanaongezewa kidonge chenye dawa, nusu kidonge kisicho na kitu ndani. Hakuna anayejua yake ni ipi, hata dokta. Kura hiyo haikunipendeza, ilinikumbusha askari na kanzu ya Bwana. Blanchard akaniambia: "Mama Falone, hata yangu ikiwa ya bure, kuko mutu nyuma yangu atapona."

Kila asubui anaomba, anameza, anaandika mu kaye, daftari ya étude: nimemeza.

Njia ya kliniki ilimushinda kwa miguu, ndipo mudogo wake Élisée akajitolea kutuletea boksi kila mwezi. Shemasi wetu, Yaya. Mutu anayegawa mukate wa Bwana. Juma lililopita Dokta aliomba kuona boksi, akageuza kidonge, akauliza alama yake iko wapi. Ilikuwa vitamini. Miezi mitatu Blanchard alimeza vitamini na kumushukuru Mungu.

Vidonge vyenyewe vya étude Élisée alivipeleka Mongbwalu, akauzisha kwa wachimbaji wa zahabu. Aliwaambia ni dawa ya moyo. Wao wakasikia moyo wa kutoogopa, wakameza ili washuke mu shimo bila woga. Naye akawaacha vile. Tulipomuuliza, alicheka kidogo, akasema labda ilikuwa ile ya bure tu. Nilitoka inje nikatema mate. Sahani aliyolia chakula kwetu niliiosha mara mbili, na mukate kwa mukono wake sipokei tena.

Dokta hakukaripia. Alisema tu miezi ile haiwezi kuhesabiwa, na vidonge vya étude Blanchard hatapewa tena. Hakulilia dawa, Yaya. Alifungua kaye, akapitisha kidole juu ya nimemeza, nimemeza, ukurasa kwa ukurasa. "Nimedanganya watu," akasema. Hiyo ndiyo inanichoma.

Umusemeshe Élisée weye, uliyemubeba mugongoni. Arudi Mongbwalu, atafute wale watu, awaambie walimeza nini.

Bwana akushikilie miguu na roho. Umusalimie Michel na Viviane. Falone anakusalimia na mutoto wake. Blanchard anakusalimia sana, na anataka nitie salamu ya Élisée, juu ni mudogo wake wa tumbo moja.

Jina nimeliandika. Salamu sijatia.

Wako akupendaye,
Jeannine