Tuzo Si Yako Peke Yako Kuikataa

Kabla sijasema lolote, wewe uliyejiita Fundi Kimya: ulikuwa wapi? Miaka ile uliniandikia ukilia kwamba umempenda binti wa watu na mdomo umekuwa mzito. Nikakuambia la kusema, kumbe ukaoa, halafu kimya. Hata "Bibi, alikubali" hukuniandikia, mimi huku nadhani umekimbizwa na mbwa wa kwao! Leo mambo yamekufika shingoni ndiyo unakumbuka nina masikio. Haya, wasomaji, msikieni kwanza mwenyewe.

"Bibi mshauri wangu, shikamoo, naomba unisaidie maana hadi Ijumaa natakiwa nijibu na sina wa kumweleza, mimi mchana natengeneza programu za kompyuta kwenye ofisi ya bima, lakini nikitoka huko kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikitengeneza na shemeji yangu, dada wa mke wangu, mwalimu wa darasa la kwanza, programu ya simu ya kufundisha kusoma, ni ya bure kabisa, haina matangazo, haili bando, na anayetaka anaruhusiwa kuifungua aone tulivyoiunda aigeuze kwa lugha ya kwao, masomo yote aliyatunga shemeji na sauti ni yake, alikuwa anarekodi ndani ya kabati la nguo kwa sababu nyumba yao ina kelele, anajifungia humo na makoti, akitoka jasho linamtiririka, sasa Bibi imekuja barua kutoka kamati ya tuzo kubwa ya kimataifa wananiuliza kama nakubali jina langu lifikiriwe, jina langu peke yake, maana ndilo nililoandika kwenye programu, na mimi nataka kukataa, nilimwonyesha kaka yangu tukiwa mezani akacheka akasema 'Tuzo ya nini wewe? Umegawa bure, na kazi yenyewe ni kazi bure, tuzo ni za wanaogundua dawa na wanaopatanisha watu wenye bunduki,' na kusema kweli naona ana haki, sisi tumefanya nini zaidi ya a-e-i-o-u, shemeji sijamwambia, nikimwambia atauliza jina lake liko wapi na sina jibu, kwa hiyo nimeona nikatae kimyakimya yaishe asiumie mtu, ila jibu nimeshaliandika na kidole hakitaki kubonyeza, Bibi nifanye nini?"

Marahaba, mume wangu mdogo. Pole. Sasa nyoosha mgongo.

Barua yako nimeisoma mwenyewe. Wasomaji wangu wengi hawajui: mimi shule sikuingia hata kufagia. Barua zenu nilikuwa nasomewa na binti wa mapokezi hapa gazetini. Msichana mwema, lakini akifika penye aibu anakohoa na kuruka mstari, na mimi nashauri nusu ya kisa. Karatasi zangu za hospitali alinisomea jirani, basi jirani akajua habari za kibofu changu kabla ya wanangu. Ndipo mke wa mwanangu akaniwekea programu kwenye simu, akasema, "Mama, huyu mwalimu hachoki."

Nilipofika kwenye kabati la nguo, barua niliiweka chini. Kwenye yale masomo kuna kitu kinagongana-gongana nyuma ya sauti, na siku zote nilijua ni bangili za mwalimu. Kumbe ni hanga za kutundikia makoti! Ni nyinyi! Ni nyinyi, wanangu!

Nilikwama kwenye ng'. Akisema niguse neno ng'ombe, nagusa ngoma, kale kaalama ka juu sikaoni. Nikakosea, nikakosea, na yule mwanamke hakunisonya hata siku moja. "Bado. Tusikilize tena." Wangu wa kuzaa wangeshaniambia mama, pumzika.

Kaka yako mwambie nimesema ale anyamaze. Neno hili "bure" limemponza kwa sababu linabeba kisicholipiwa na kisichofaa kwenye kikapu kimoja. Kazi ya bure na kazi bure, katikati kuna "ya" ndogo tu, naye kaimeza na chakula. Wanaogundua dawa wapewe tuzo, nani kakataa? Lakini kwenye chupa ya dawa kuna maandishi. Mimi niliwahi kunywa ya kupaka goti.

Unauliza kama mnastahili. Nikinunua chumvi, muuzaji yuko mbele yangu, namwambia ahsante, yameisha. Cha kwenu nimekichukua hakuna kaunta, hakuna uso, na shukrani imenikaa kifuani kama tonge lisiloshuka. Tuko wengi hivyo, tumetawanyika, hatujuani. Hiyo tuzo ni pahali petu pa kusema ahsante kwa pamoja, kwa sauti inayofika mbali. Ukiikataa unatufunga midomo sisi.

Ila huo unyenyekevu wako una harufu. Hukatai kwa kuwa hustahili. Unaogopa uso wa shemeji yako! Jina lake uliliacha nje, na sasa unataka hata asijue kwamba mlango uligongwa. Halafu unaita hiyo "asiumie mtu". Atajua tu. Huyo kaka yako mwenye mdomo usio na kifuniko atamwambia akiwa anatafuna.

Kwa hiyo fanya hivi. Mchana huu, kabla hujatoka ofisini, andika jina lake kwenye programu, juu ya lako. Asipewe ahadi, akute limeshaandikwa. Ukitoka, nenda kwake moja kwa moja. Usitume ujumbe, na usimtangulize mke wako kama ngao. Mwambie, "Jina lako nililiacha nje, nisamehe, na barua hii ni yetu." Akikasirika, kaa. Akikutoa nje, kaa mlangoni. Akipoa, ijibuni kamati pamoja kwamba mko wawili. Wakisema kanuni yao ni jina moja, hilo mtaliamua nyinyi wawili mkitazamana, si wewe na kidole chako. Na mpate, mkose, programu ibaki ya bure, maana kuna bibi mwingine mahali fulani leo ndiyo anaanza na a.

Mungu awatunze, wanangu. Mmenipa macho uzeeni.

Na siku utakapokuja hapa gazetini, maana safari hii sikubali barua, njoo na shemeji yako. Kiti ni chake. Wewe utakalia ndoo.