Dumu Lililokuwa Chini ya Zulia

Mbuke, mke wangu,

Kila mwaka nawafundisha watoto wa darasa la tano kuandika barua ya kirafiki. Anwani juu, tarehe, kisha salamu: hujambo, mimi sijambo, natumaini u mzima wa afya. Leo nimekaa na karatasi hii tangu tulipotoka kanisani, na salamu imenikwama. Wewe si mzima, na mimi sijambo ya mdomoni tu. Tuiruke.

Nina hasira na wewe. Naanza na hilo kwa sababu nikiliacha mwisho nitaliogopa. Watu wa hapa Sibwesa wanadhani ninakulilia tu. Wananiletea ugali na maharage, wananiambia nijikaze, mwalimu, ndiyo dunia. Hakuna anayejua kwamba nikisimama kwenye kaburi lako, neno la kwanza linalonijia ni kukuuliza kwa nini hukuniambia.

Kabula hajambo. Jino la mbele limeng'oka, na yuko darasa la tatu sasa. Bunda lako la vitenge bado limefungwa kama ulivyolifunga, sijamruhusu mtu aliguse. Na gari lipo. Liko nyuma ya nyumba chini ya turubai, kuku wamelifanya kivuli chao.

Unakumbuka lile tulilolitaka kwanza? Lile la kwenye simu yako, la rangi ya fedha, dogo, milango mitano, linatoka Japani. Nasahihisha madaftari, wewe unanisukumia simu usoni: "Tazama, mume wangu, haka hakanywi mafuta, kananusa tu." Mimi nikataka la juu kidogo kwa ajili ya barabara zetu, ukanicheka kwamba mwalimu anataka aonekane mbunge. Ulikuwa umechoka kupelekwa mnadani kwa bodaboda, bunda la vitenge mgongoni na vumbi hadi kwenye meno. Ulitaka gari la kubeba bunda lako, mimi na Kabula, basi. Wakala wa Dar es Salaam alishatutumia makaratasi. Kilichobaki kilikuwa kutuma fedha.

Ndipo baba yako akasikia.

"Mkwe," aliniambia tulipokwenda kwao Kasansa, "mnampelekea fedha mtu ambaye hamjamwona hata kivuli, na mimi nina gari uani? Nyie wasomi mnapenda kuibiwa." Kila mtu akacheka, na mimi nikacheka. Lake lilikuwa la aina ileile, dogo, jeupe, alilokuwa akiendea minada ya ng'ombe. Ningesemaje hapana? Mtu aliyekupa binti yake anakwambia nunua kwangu, halafu useme ngoja kwanza, nina mashaka na wewe? Nilikutazama unisaidie. Ukaangalia chini. Nilidhani ni heshima.

Siku aliyolileta nilikuwa nimejiandaa. Mwalimu mwenzangu anayeyajua magari alikuwa ameniandikia kwenye karatasi mambo ya kukagua: liwashwe likiwa la baridi, tazama oili, tazama maji ya rejeta, tazama moshi. Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Gari likaingia uani, baba yako kwenye usukani, na kiti cha mbele pembeni yake amekaa mama yako. Baba yako akashuka. Mama yako hakushuka.

Wewe unajua maana yake, lakini acha niandike, maana nimelirudia kichwani mpaka limechakaa. Kwenu mkwe hamsogelei mama mkwe. Hampi mkono, hamtazami usoni, wakikutana njiani mmoja anapisha. Tangu nikuoe mama yako na mimi tulikuwa tunasalimiana kwa kupitia watu wengine. Sasa amekaa ndani ya kitu ninachotakiwa kukikagua. Nikiinama kwenye mlango wa dereva, nimeinamia mapaja yake. Nikifungua boneti, nikiifunga tu tunatazamana uso kwa uso kupitia kioo. Na baba yako anasema kwa sauti ya ukarimu, "Kagua, mkwe, kagua, usiogope." Injini inanguruma muda wote, hakuizima.

Nikazunguka kwa nyuma. Nikapiga tairi teke moja. Nikasema, "Liko vizuri, baba."

Mimi ninayekata alama ya mtoto kwa kusahau nukta. Mama yako alishuka baada ya fedha kuhesabiwa sebuleni, wakarudi Kasansa kwa basi, na wewe ukapika kuku.

Tuliishi vizuri na kagari kale, sitakuwa mwongo. Lakini sasa nikikumbuka safari zetu za Mpanda, hasira inapanda upya. Tukienda mwendo mdogo tu, unaniambia, "Mume wangu, simama, wale wanauza asali." Ninasimama. Unashuka, unaonja, unauliza habari za watoto wao na nyuki wao, unarudi na chupa. Tukienda tena kidogo: "Simama nimsalimie yule mama." Kisha unataka kujisaidia. Kisha asali nyingine. Nilikuita konda. Nikakwambia sijawahi kuona gari linalosimama mara nyingi kuliko bodaboda. Ukacheka ukanifuta jasho kwa ncha ya kitenge. Chupa za asali zimejaa kabatini mpaka leo, na Kabula hata hapendi asali.

Halafu ile asubuhi ya Jumanne. Ulikuwa unaanika nguo, ukakaa chini ghafla umeshika tumbo, midomo imepauka. Muuguzi wa zahanati akasema gari la wagonjwa limeshaondoka na mwingine, nikukimbize Mpanda sasa hivi. Nikakulaza kiti cha nyuma. Nikamshukuru Mungu kwa gari, Mbuke. Nilishukuru kwa sauti, ulinisikia.

Siku ile hukuona asali. Wauzaji walikuwa wamesimama pale pale na chupa zao, wakanipungia wakidhani nitasimama kama kawaida, nikawapita nimekanyaga mafuta. Baadaye kidogo taa nyekundu ikawaka. Kisha mvuke ukatoka mbele, mwingi, na gari likazimika kwenye kilima ambacho hakina nyumba wala mtu. Nikafungua boneti kwa mara ya kwanza tangu tulinunue. Nilikuwa natazama vyuma tu.

Ndipo nikasikia sauti yako, ndogo, kutoka kiti cha nyuma: "Inua zulia la buti. Kuna dumu la maji. Usifungue kifuniko cha rejeta sasa, kitakuunguza. Subiri kipoe."

Nikainua zulia. Dumu la njano lilikuwepo, limejaa, limefungwa kwa kipande cha kitenge kwenye chuma lisigongegonge. Mdomo wake umezibwa kwa gunzi la hindi, kama madumu yote ya baba yako. Kitenge kilikuwa chako.

Nilisimama pale na dumu mkononi, na nilielewa kila chupa ya asali. Ulijua. Ulijua tangu siku ya kwanza, ukabeba maji yako kimya, ukawa unanisimamisha njiani lipoe, ili mimi nisijue baba yako ameniuzia nini. Na sasa tumbo lako linavuja damu ndani na tunasubiri chuma kipoe.

Nilitia maji, tukaenda kidogo, likachemsha. Nikatia yaliyobaki, tukaenda kidogo tena, likafa kabisa. Lori la tumbaku ndilo lililotufikisha. Daktari alisema mimba ilitunga nje ya kizazi na imepasuka. Hata mimba yenyewe sikuijua, sijui kama wewe uliijua. Akaniuliza tuliondoka nyumbani saa ngapi. Nikamwambia. Hakusema ungepona kama tungewahi. Hakusema pia kwamba usingepona. Aliandika tu.

Baba yako alilia kwenye mazishi mpaka akashikwa na wanaume wawili. Akaniwekea mkono begani akasema, "Kazi ya Mungu haina makosa, mkwe." Nikaitikia, "Amina." Ndivyo nilivyomjibu.

Gari lilivutwa mpaka Nsemulwa, pale Mpanda, kwa fundi. Alilitazama kabla hata sijafungua mdomo. "Hili si la mzee wa Kasansa? Nilimwambia gasketi ya silinda hedi imekwisha, likienda mbali lazima lichemshe. Akasema hapana shida, kuna mtu anamwachia." Kisha akanitazama vizuri, akaona utepe mweusi kwenye shati, akaomba radhi. Nikalirudisha gari nyumbani likivutwa vilevile, bila kutengenezwa. Sikuwa na nguvu ya kuamua chochote juu yake.

Sasa nikueleze la jana, maana ndilo lililonikalisha niandike.

Baba yako alituma ujumbe wiki iliyopita kwamba wanakuja kumchukua Kabula akalelewe na bibi yake. Wiki nzima nilifanya mazoezi ya kukataa. Nikiwa peke yangu darasani nasema vizuri kabisa, kwa vituo na kila kitu. Lakini najijua. Nilijua akifika nitasema "Sawa, baba," halafu nitafunga nguo za mtoto wangu kwenye mfuko, nitampungia mkono.

Wakaja. Mama yako akakaa nje kwenye mkeka, mgongo kwangu, kama desturi. Baba yako nikamkaribisha ndani, chai, karanga. Kabula akampigia goti akamwita guku, babu kwa lugha yenu, kama ulivyomfundisha. Mzee akanywa, akafuta ndevu. "Basi, mkwe, mtoto tunaondoka naye. Nyie wanaume bado mtaoa, mtoto wa kike atateseka."

Mdomo ukafunguka na "sawa" ikawa imeshafika kwenye ulimi. Nikainuka badala yake. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikavuta turubai, kuku wakatawanyika, nikafungua buti. Nikarudi na dumu, na kitenge chako bado kimening'inia, nikaliweka mezani kati ya chai na karanga. Mkwe hawezi kumshtaki baba mkwe, sawa, sikumshtaki. Niliweka dumu tu.

Alilitazama lile gunzi muda mrefu.

"Ni la kwangu hilo," akasema.

"Ndiyo, baba. Mbuke ndiye aliyenionyesha."

Akavua kofia akaiweka gotini. Na akasema, Mbuke, kwa sauti ya mtu anayejitetea, "Nilimwambia awe anakusimamisha njiani, lipoe."

Sijui nilitegemea nini. Labda akane, nimchukie kwa raha. Ndipo nikasikia sauti kutoka nje, kwenye mkeka. Mama yako hakugeuka. Hajawahi kunisemesha tangu nikuoe. Alisema, "Siku ile aliniambia nisishuke. Nikakaa." Akanyoosha ukingo wa mkeka. "Mtoto abaki na baba yake."

Baba yako hakubisha. Alivaa kofia, chai akaiacha nusu, wakaondoka bila Kabula. Mama yako, mayu kama ulivyomwita, alipofika barabarani alisimama kidogo, bado hajageuka, kisha akaendelea.

Nilidhani nikishinda moyo utatulia. Haukutulia. Baba yako sasa nimemwona ni mzee aliyeogopa kubaki na gari bovu, na mama yako ni mtu aliyeambiwa akae akakaa. Aliyebaki ni wewe, na wewe siwezi kukuwekea dumu mezani. Ulimficha baba yako kwangu kwa asali. Ungeniambia neno moja tu, tukiwa wawili, ningepeleka gari kwa fundi, na mzee asingejua kamwe. Au ulidhani ningemdharau? Au uliona kazi ya kumlinda ni yako peke yako?

Na mimi nani wa kuuliza. Jana nilipokuwa natafuta viberiti kwenye begi lako la mnadani, nilikuta karatasi yangu, ile ya mambo ya kukagua, imekunjwa vizuri mara nne. Ulikuwa umeitoa kwenye mfuko wa shati kabla ya kufua. Kwa hiyo na wewe ulijua kwamba niliogopa. Tuliishi nyumba moja, kila mmoja anajua la mwenzake, na wote wawili tukanyamaza kwa heshima.

Leo Kabula aliniuliza dumu lile ni la nini. Kidogo nimwambie ni la maji tu. Nikamketisha, nikamweleza, kuanzia simu mpaka kilimani. Alilia, akaniuliza maswali magumu, akanikasirikia na mimi pia. Nilimwacha akasirike.

Gari nitalipeleka Nsemulwa likafunguliwe, liuzwe vipandevipande, na kila kipande kisemwe ubovu wake. Siku nikipata jingine nitalikagua hata kama mama yako amekaa juu ya boneti. Na atakapokuja kijana kumtaka Kabula, huyo binti atakuwa ameshazoea kusema, nakuahidi hilo. Akiona kitu cha baba yake ni kibovu, atasema ni kibovu, mbele yangu na mbele ya mumewe.

Pumzika, Mbuke. Bado nina hasira, nitakuja nayo kaburini Jumapili ijayo, na inayofuata. Lakini kila nikipita njia ile ya Mpanda, kwa gari la nani sijui, nitaomba lisimame pale kwenye asali, hata kama halijachemsha.

Mume wako.