Mimba ya Kwanza

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mtoto ana siku mbili. Asubuhi mkono wake wa kulia umeanza kucheza wenyewe. Nikaushika — ukaendelea kucheza ndani ya mkono wangu. Si baridi hii. Nesi kamchukua mbio, mimi nyuma na mshono wangu, nimeshika ukuta. Wamempa dawa ya degedege. Mama mkwe hakungoja padri. Kafungua chupa ya maji ya kunywa, kambatiza palepale. Sasa anaitwa Beda.

Jumanne, 10 Juni
Picha ya kichwa imetoka. Daktari kasema kiharusi. Mama mkwe kamwambia kwa upole kwamba kiharusi ni cha wazee, ndicho kilichomwondoa mumewe. Daktari akasema hata wachanga hupata: damu imeganda, ikaziba mshipa wa ubongo upande wa kushoto. Huenda ilitokea akiwa bado tumboni mwangu.
Mkono utakuwaje? Mguu je? Hajui. Tusubiri akue. Nasubiri vipi mimi! Maziwa yanamwagika hadi kwenye gauni, na yeye analishwa kwa mpira wa puani.

Jumatano, 11 Juni
Leo maswali. Kuna wa ukoo aliyevimba mguu kwa damu kuganda? Aliyekufa ghafla bado kijana? Mume wangu Sixbert kampigia shangazi yake wa Matogoro, wamepitia ndugu mmoja mmoja. Hakuna. Upande wangu pia hakuna ninayemjua.
Kisha daktari akanigeukia: umewahi kupoteza mimba? Mama mkwe kajibu kabla sijameza mate. Huyu ni wa kwanza, kadi hii hapa. Kadi yangu ya kliniki anaitunza yeye, kwenye mkoba wake, pamoja na rozari.
Nikasema ndiyo, wa kwanza.
Mwongo mimi. Walikuwa wawili kabla yake, nilipokuwa naishi na Abasi kule Tunduru, kabla sijamjua Sixbert. Mmoja miezi mitatu. Wa pili miezi mitano — alikuwa na vidole. Siku ya kwanza kliniki mama mkwe alinisindikiza, akakaa kiti cha pembeni. Nesi alipouliza, ningesema nini? Uongo wa dakika moja, ukaandikwa kwa wino.

Ijumaa, 13 Juni
Mkono wa Beda hauchezi tena. Umelala tu.
Nimemuuliza daktari kwa nini aliuliza habari za mimba. Kasema kuna akina mama ambao kinga ya mwili inawageuka. Damu inaganda hovyo, mimba zinatoka, na kinga hiyo inaweza kuvuka hadi kwa mtoto. Wengine ni urithi tu, wa baba au wa mama. Mara nyingi sababu haijulikani kabisa. Ila kama ni damu yangu, hata mimi niko hatarini, na mtoto mwingine anaweza kukingwa kwa dawa. Kwa hiyo historia ni muhimu, kasema.
Nikafungua mdomo. Mama mkwe akaingia na uji, na nguo zangu za damu amezifua kwa mikono yake, amezikunja. Nikafunga. Angekuwa mkali ningeweza.

Jumamosi, 14 Juni
Damu yangu wameshaitoa, inakwenda Dar na gari la mchana. Daktari kaniachia fomu niijaze mwenyewe, anaifuata saa nane. Jina. Umri. Mimba zilizotoka, na miezi yake.
Sixbert anamtekenya Beda kiganja cha kulia, anangoja avikunje vidole. Havikunji.
Nimeandika 2. Nimeandika miezi 3, miezi 5. Mwandiko mbaya lakini unasomeka. Fomu iko chini ya daftari hili.
Mama mkwe alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini. Kavaa miwani. Anataka aikague fomu, tusije tukakosea jambo la mtoto. Kanyoosha mkono. Nimemwambia sijamaliza kuandika. Kasema nisiwe na haraka, atangoja.
Ndiyo maana bado naandika.